Kompyuta Iliyovalishwa Kofia

Hebu niambie kwanza, redio ya nyumbani kwako imevaa nini? Usicheke, nauliza kweli. Kama umezaliwa huku kwetu Kibondo, au Kasulu, au hata kule Muyama, jibu ninalo. Imevaa kitambaa. Cheupe, cha kufuma kwa mkono, chenye pindo la mawimbi. Televisheni nayo imevaa, na ndoo ya maji ya kunywa, na makochi yote, mgongoni na mikononi. Kitu kikikaa uchi sebuleni, mgeni anajua nyumba hii haina mwanamke, au yupo ila mvivu.

Mimi mvivu sikuwahi kuwa. Naitwa Verediana, nimesoma mpaka darasa la saba pale Murungu, na sindano yangu ya kufumia, ile yenye mdomo wa ndoano, ni ile ile niliyoolewa nayo. Imelika katikati, pale kidole gumba kinapokaa. Mabinti zangu watatu, kila mmoja alipoolewa aliondoka na seti yake: vitambaa sita vya migongo, kumi na viwili vya mikono, na kimoja kikubwa cha meza. Kila binti na ua lake. Evaline, yule mkubwa aliyeolewa Kabanga, nilimfumia nanasi. Hakuna mwingine mwenye nanasi langu.

Huyu Herieth ninayetaka kukusimulia habari zake si wa kumzaa. Ni mkamwana, mke wa Venanti, kijana wangu wa mwisho, fundi ujenzi ambaye siku nyingi yuko Kakonko kwenye kazi. Wazazi wa Herieth ni watu wa Tukuyu, walimu waliohamishiwa huku yeye akiwa msichana. Alipoolewa na Venanti walikuwa na viti vinne vya plastiki, vya bluu. Kitambaa utakiweka wapi kwenye kiti cha plastiki? Kinateleza. Nikasema nitafuma wakipata makochi. Halafu mambo yakawa mengi, mjukuu Ndayikeza akazaliwa, nikafuma vyake vya kichanga, miaka ikaenda.

Kisha Herieth akafungua steshenari, chumba kimoja tu, barabarani, si mbali na soko la Kibondo. Anatoa kopi, anachapa barua, anapiga picha za pasipoti mtu akikaa mbele ya shuka la bluu. Mimi mchana nikawa nakwenda kukaa naye, kwenye benchi, na nyuzi zangu.

Kompyuta yake ilikuwa ya mezani: kioo huku, na pembeni lile sanduku jeusi lenye kila kitu, limesimama wima kama debe. Siku nilipoona vumbi jekundu limelala juu ya sanduku, nikaona aibu kana kwamba ni mimi niliyelala. Nikapima kwa kamba. Sikufuma kitambaa cha kutupia tu, la. Nilifuma kofia nzima: juu, ubavu wote, mpaka nyuma kwenye matundu na nyaya, nikaacha kimlango kidogo cha nyaya kupita, na chini nikapitisha lastiki. Ilikaa sawasawa, kama soksi. Herieth aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Asante, Mama. Umejisumbua sana."

Akaivalisha mbele yangu. Baada ya hapo akawa anaivua akiwasha mashine na kuivalisha akiizima. Hivyo ndivyo yeye alivyofanya. Mimi, akitoka kidogo, nilikuwa naivalisha hata ikiwa imewashwa.

Sasa nikuambie kilichokuwemo ndani ya lile sanduku, maana ndicho kilichotutoa Kibondo. Ilikuwemo programu ya ripoti za shule. Aliiweka Mwalimu Lusajo, ndugu wa upande wa mama yake Herieth, kijana mwenye akili za kompyuta. Unaingiza alama za mtoto, yenyewe inajumlisha, inapanga nani wa kwanza na nani wa mwisho, inaandika mpaka "ajitahidi hisabati". Shule tatu zilikuwa zinaleta kazi kwake kwa ajili ya hiyo programu. Lakini Mwalimu Lusajo alihamishiwa kusini, hakuacha nakala ya kuiwekea upya, na namba yake ya simu siku hizi anapokea mama mmoja anayeuza dagaa.

Mashine ilikufa Jumanne, wiki ya kwanza ya Juni. Shule zilikuwa zinafunga Ijumaa. Ripoti za shule mbili zilikuwa zimekwisha ila hazijachapwa, za shule ya tatu zilikuwa nusu.

Kulikuwa na baridi ile ya Juni inayoingia kwenye magoti. Herieth alikuwa amekwenda kumchukua Ndayikeza chekechea. Lori likapita, vumbi likajaa mlangoni kama moshi wa tanuri la matofali. Nikainuka, nikaivalisha mashine kofia yake. Ikaanza kunguruma. Nikadhani inafanya kazi kwa bidii. Ikanguruma zaidi, nikasema moyoni labda nayo imesikia baridi, nikaivuta lastiki chini ikae vizuri. Mara kioo kikawa cheusi, na pua yangu ikapata harufu ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko la mkaa.

Nikaivua. Kofia ilikuwa ya moto kana kwamba imepigwa pasi. Sijui mikono yangu ilipata wapi akili ile: ilikunja kofia mara nne, ikaiweka chini kabisa ya kikapu, juu yake nyuzi, juu ya nyuzi kanga. Herieth alipoingia nilikuwa nimekaa kwenye benchi nafuma mfululizo wa macho ya uzi yasiyo na hesabu.

"Imezima," nikamwambia.

"Umeme umekatika?"

"Taa inawaka."

Kweli taa ilikuwa inawaka. Sikusema uongo. Ila na ukweli sikuutoa.

Herieth akabonyeza, akabonyeza tena, akainama akanusa. Akatazama mezani pale kofia inapokaa siku zote. Haikuwepo. Hakuuliza iko wapi.

Jirani yetu Nurudini anatengeneza simu, na kompyuta kidogo. Akaja na bisibisi, akafungua ubavu, akaufunga haraka.

"Shemeji, hii imeungua. Mimi nina mashine nyingine pale, nakupa. Tunapiga windo jipya, saa mbili tu unafanya kazi."

"Na programu yangu?"

"Programu utaweka tena."

"Nitaiweka tena nikiitoa wapi, Nurudini? Kwa mama wa dagaa?"

Windo, kama nilivyoelewa mimi mwanamke wa darasa la saba, ndiyo ile inayoifanya mashine ijijue kuwa ni mashine. Bila hiyo ni bati. Na kupiga windo jipya ni kama kupiga deki nyumba nzima: uchafu unaondoka, na nyayo zote zinaondoka. Programu ya Mwalimu Lusajo ilikuwa imejichimbia ndani ya windo lile la zamani, ukilifuta na yenyewe imekwenda.

Nurudini akajikuna. "Basi nenda Kasulu. Yuko fundi Lukmani. Yule anabadilisha madabodi, windo anakuachia lile lile. Akishindwa yeye, rudi nikupe yangu."

Nilimwambia Herieth tunakwenda wote.

"Mama, baki na Ndayikeza."

"Ndayikeza atalala kwa Zuhra wa jirani, amezoea. Mimi nakwenda."

"Kufanya nini sasa?"

"Kushika."

Jumatano asubuhi na mapema tukapanda gari. Sanduku tulilifunga blanketi, likakaa juu ya mapaja yetu, nusu kwake nusu kwangu. Kikapu changu kilikuwa miguuni. Ningeweza kuiacha ile kofia nyumbani, nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuiacha. Niliogopa Venanti angerudi ghafla akaikuta. Niliogopa panya. Niliogopa hata kuiweka kwenye sanduku langu la nguo, maana ilikuwa bado inanuka. Siku hizi njia ni lami, gari linateleza tu, lakini mimi nilikuwa nageuka kama mtu aliyekalia siafu.

"Mama, mgongo?"

"Mgongo."

Tukapita Makere, nikafungua mdomo. Nikasema, "Herieth."

"Abee, Mama."

"Mihogo ya watu wa huku imekauka."

"Imekauka, Mama."

Duka la Lukmani liko Kasulu mjini, kwenye uchochoro nyuma ya wauza vitenge. Ni mtu mnene, watu wao asili ni wa Ujiji, ana kofia ya darizi kichwani na juu ya kofia amefunga kurunzi ya wachimba madini. Kompyuta zimepangwa mpaka darini, hakuna hata moja iliyovaa kitu. Hilo ndilo nililoliona kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mwakeye?"

"Ego, bibi, twakeye. Kiha changu kinaishia hapo, usiniongeze." Akacheka, akafungua blanketi. "Mgonjwa ndiye huyu? Analalamika nini?"

"Amekufa ghafla," Herieth akasema. "Kaka, kabla hujagusa, nakuomba kitu kimoja. Usipige windo."

"Ehee! Watu wanakuja hapa wananipigia magoti niwapigie windo, wewe unanikataza?"

"Nataka lile lile. Na kila kilichomo kikae kama kilivyokaa. Keshokutwa asubuhi walimu wakuu watatu wako mlangoni kwangu."

Lukmani akaacha kucheka. Akafungua ubavu wa sanduku, akawasha kurunzi ya kichwani.

"Lo! Dada. Hii mlikuwa mnaitumia au mnaichoma?"

Akaniita na mimi nione, labda kwa kuwa nilikuwa nimenyoosha shingo. Ndani kuna sahani kubwa ya kijani, imejaa vijinjia kama ramani ya shamba la mpunga. Juu yake vimesimama vipipa vidogo, kila kimoja kama kishikizo kinene. Vitatu vilikuwa vimevimba vichwa. Cha nne kilikuwa kimepasuka, kinatoa ute wa kahawia.

"Sahani hii ndiyo madabodi, bibi. Kila kitu kimechomekwa hapa. Hii imekwenda kwa joto. Lakini diski," akagonga kijisanduku cha chuma kwa kucha, "diski ndiyo inayotunza windo na kazi zote, na nadhani imepona. Kazi yangu ni kutafuta madabodi ya ukoo huu huu, nimchomekee diski yake, na tuombe Mungu windo likubali nyumba mpya. Lisipokubali linagoma. Linaona majirani halijawazoea."

"Likigoma?"

"Likigoma kabisa, dada yangu, tutapiga jipya. Sitakudanganya."

Herieth akashika ukingo wa meza. Mimi nikatafuta kitu cha kufanya na mikono, nikachukua sindano.

Lukmani akageuza sanduku nyuma, akamulika kwenye feni, ile inayotoa joto nje. Akachukua koleo ndogo kama ya kung'olea nyusi, akaingiza, akavuta. Ukatoka uzi mweupe. Akavuta tena, uzi ukaja, akavuta, ukaja, akauzungusha kidoleni kama mtu anayevuna hariri.

"Hapa nani anafuma?"

Sindano yangu ikasimama.

"Maana huu ni uzi wa pamba, umejiviringisha kwenye feni mpaka haizunguki. Na matundu yote yamezibwa na manyoya ya uzi. Kuna mtu alikuwa anaifunika hii mashine inawaka. Ni nani?"

"Ni mimi," Herieth akasema.

Alisema haraka hivyo, bila kunitazama.

"Wewe dada? Mtu wa kompyuta?"

"Vumbi, kaka. Nilikuwa naogopa vumbi."

"Basi umemziba pua mgonjwa kwa mkono wako." Akatikisa kichwa. "Nilidhani una akili, samahani."

Na Herieth akainamisha kichwa akapokea. Mwenzangu, mimi nilikuwa pale pale, hatua mbili, na mdomo nimepewa na Mungu. Sikuufungua. Nilihesabu macho ya kufuma, moja juu, mbili chini, moja juu, na shingo yangu ilikuwa ya moto kuliko ile kofia.

Lukmani alisema hatagusa chochote mpaka ametoa nakala ya diski nzima kwenye diski yake, ili hata kikiharibika kitu kuwe na pa kurudia. Kazi hiyo ingekwenda mpaka asubuhi. Kwa hiyo tukapata gari la Kabanga, kwa Evaline.

Evaline ni mwanangu na ninampenda, ila ana maneno. Alitupokea kwa kelele, akatukalisha sebuleni, akaenda kuchochea maharage. Sebule yake unaijua kabla sijakuambia. Makochi ya kahawia, na mananasi yangu yamelala migongoni, meupe, ameyatia wanga yakasimama. Miaka kumi na tisa na hakuna uzi uliotoka.

Herieth alikaa ukingoni kabisa, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

"Wifi, egemea bwana!" Evaline akapaza sauti kutoka jikoni. "Kochi haling'ati!"

"Nitachafua."

"Kitafuliwa! Umetoka safari, egemea."

Hakuegemea. Alinyoosha kidole, akagusa nanasi moja, akafuata magamba yake moja baada ya jingine, mpaka kwenye majani ya juu. Akainua pindo akatazama nyuma, pale mafundo yanapofichwa. Nikasema moyoni, basi, huyu anapima uzi. Anaulinganisha na ule uliotoka kwenye feni.

"Wifi, hivi vya lini?" akauliza.

"Vya harusi!" Evaline akaja na mwiko mkononi. "Mama alinifumia miezi minane. Nilikuwa namwambia Mama niolewe tu bila vitambaa, bwana harusi atakimbia, akanijibu akikimbia na akimbie, binti yangu hatoki hapa mikono mitupu. Sisi wote watatu. Mimi nanasi, wa pili zabibu, wa tatu samaki."

"Ni vizuri sana," Herieth akasema, akalishusha pindo, akalinyoosha kwa kiganja mpaka likakaa kama alivyolikuta.

Tulipokuwa tunakula nikaona sasa ndiyo sasa.

"Herieth."

"Abee, Mama."

Wote wawili wakanitazama. Evaline ameshika tonge la ugali hewani.

"Chumvi imezidi," nikasema.

"Mama!" Evaline akaruka. "Chumvi gani imezidi? Nyumbani kwangu chumvi imezidi?" Tukaishia hapo, kwenye chumvi, mpaka sahani zikaondolewa.

Alhamisi saa mbili asubuhi tulikuwa mlangoni kwa Lukmani. Alikuwa amepata madabodi ya ukoo ule ule, kutoka kwenye mashine ya ofisi moja iliyoangushwa ikavunjika mwili lakini roho nzima. Alikuwa ameshaifunga kwa skrubu, akaipaka dawa nyeupe kama ya meno pale kwenye ubongo wake, akaweka feni mpya. Diski ya Herieth akaichomeka mbele yetu.

"Bismillahi," akasema, akabonyeza.

Ikawaka. Feni ikazunguka, laini, bila kunguruma. Mwanga ukaja, vidoti vikaanza kuzunguka kama watoto wanaocheza duara. Halafu kioo kikawa bluu, kikaandika maneno, na juu ya maneno kikachora uso uliokunjamana. Ikazima yenyewe. Ikawaka. Duara. Bluu. Uso uliokunjamana.

"Imegoma," Herieth akasema kwa sauti ndogo.

"Subiri. Haijagoma, imeshtuka."

Herieth alitoka nje, akaingia, akatoka. Simu ikalia, nikamsikia akisema, "Ndiyo mwalimu. Kesho asubuhi, mwalimu. Ziko tayari, ndiyo." Akaingia akiwa amefuta uso kwa mtandio.

Lukmani akaizima, akaiwasha huku anadonoa kitufe kama kuku, ikafungua ukurasa mweusi wenye maandishi matupu. Akawa ananieleza mimi, nadhani kwa sababu Herieth hakuweza kusikia tena. Alisema windo hili lilizoea kuisoma diski kwa mtindo wa zamani, na hii madabodi mpya imetegwa isome kwa mtindo wa kisasa, kwa hiyo linaamka, linatafuta mlango mahali ulipokuwa jana, linagonga ukuta. Dawa ni kuirudisha madabodi kwenye mtindo wa zamani, si kulilazimisha windo.

"Mwenyeji ndiye anayemfuata mgeni leo," akasema, akabonyeza.

Ikawaka. Duara. Tukasubiri bluu. Haikuja. Yakaja maandishi meupe, kwamba inaandaa vifaa, asilimia kumi na mbili.

Asilimia thelathini. Arobaini na moja. Ikafika sitini na nne, ikakaa. Ikakaa mpaka kahawa ya Lukmani ikapoa. Herieth alikuwa ameshika kidole chake cha pete, anazungusha pete, anazungusha. Mimi nilikuwa nafuma na kufumua mstari ule ule.

Ndipo akaingia Zaitun, mke wa Lukmani, na chupa ya chai na maandazi ya iliki kwenye hotipoti. Mwanamke mcheshi, mchangamfu. Akanisalimia, akaniona na sindano, akapiga kofi.

"Bibi, kumbe fundi! Unafuma nini? Hebu nione kazi." Na kabla sijameza mate alikuwa amechuchumaa kwenye kikapu, ameondoa kanga, ameondoa nyuzi. "Na hiki je? Jamani, kizuri! Nyota hizi!"

Akakikunjua. Akakiinua juu kwa mikono yote miwili ili mumewe aone.

Sasa kitambaa cha kochi ukikiinua kinaning'inia tu. Kile kiliinuka na pembe zake nne, na lastiki chini, na kimlango cha nyaya nyuma. Hakukuwa na kitu kingine duniani kinachoweza kuingia mle isipokuwa lile sanduku lililokuwa mezani. Na juu, katikati ya nyota, kulikuwa na duara la rangi ya chai, pale joto lilipopita.

Lukmani akatazama kofia. Akatazama uzi aliouviringisha jana, bado ulikuwa kwenye sosa. Akanitazama mimi.

"Hii ni ya nini, bibi?" Zaitun akauliza, bado anatabasamu.

"Ni ya kompyuta," nikasema. "Mimi ndiye niliyeifuma. Na mimi ndiye niliyeivalisha Jumanne ikiwa inawaka, na siku nyingine nyingi. Herieth alikuwa anaivua. Jana alikudanganya, fundi. Yeye ana akili. Asiye na akili alikuwa amekaa hapa."

Zaitun akaishusha kofia polepole. Lukmani akakohoa ndani ya ngumi, mabega yakamtikisika, akajikaza.

"Bibi, kazi ni safi, sijapata kuona. Ila mashine si kichanga."

"Nimeelewa, baba."

Nikamgeukia Herieth. "Mwanangu, nisamehe. Nilikusikia unatukanwa kwa ajili yangu nikahesabu macho."

"Nilijua, Mama," akasema. "Tangu Jumanne, nilipokosa kofia mezani. Na jana kikapu kilikuwa kinanuka moshi garini."

"Ulijua, na ukasema ni wewe?"

Lukmani akasema "Haya!" na sote tukageuka. Asilimia mia. Kioo kikawa cheusi, roho yangu ikashuka mpaka kwenye ndala, halafu kikafunguka, na hapo kwenye kioo alikuwa Ndayikeza, ile picha yake ya kucheka na mapengo mawili, aliyoiweka Herieth tangu Pasaka. Pembeni chini kulikuwa na maneno madogo yanadai windo lithibitishwe upya. Lukmani akasema hayo hayazuii kazi, atayamaliza baadaye. Herieth akasogeza kiti. Akakosa mahali pa kubonyeza mara mbili. Mara ya tatu programu ya Mwalimu Lusajo ikafunguka. Darasa la nne, mkondo A. Majina yakajipanga kuanzia juu, kila mtoto na alama zake, na wa kwanza wa kwanza na wa mwisho wa mwisho.

Akashusha majina polepole mpaka chini, akayapandisha, kama mtu anayepapasa watoto waliolala kuona wote wapo.

"Wapo," akasema. "Wote wapo. Hata wale wa shule ya tatu, pale pale nilipoishia."

Zaitun akapiga kigelegele kifupi. Lukmani akajipongeza kwa andazi. Mimi nilikuwa nimeichukua kofia, nimeiweka mapajani, sijui niifumue uzi wake au niitupe. Nikaona heri niulize, maana nilikuwa nimekwisha kuaibika, aibu nyingine isingenipunguzia kitu.

"Herieth. Siku ile nilipokuletea hii, ulijua haifai kwa mashine?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukukataa? Ungesema tu, Mama, sitaki. Mimi ningekula mtu?"

Akaiacha kompyuta. Akageuza kiti chote, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe nyumbani kwetu hakuinamisha macho.

"Ningekataaje, Mama? Ndicho kitu pekee ulichonifumia mimi. Kila kingine ni cha Ndayikeza. Makochi tunayo mwaka wa tatu huu. Yako uchi. Nimenunua vitambaa vya dukani mara mbili, mara mbili nikavirudisha, nikasema Mama akija akivikuta ataona nimechoka kungoja."

"Kungoja nini, mwanangu?"

"Seti," Herieth akasema. "Mimi nilitaka seti, Mama. Sita vya migongo, kumi na viwili vya mikono, na kile cha meza. Na ua langu, ambalo hajapewa mwingine."